Kadi ya Kumwombea Gordon Pell

Kadi niliiandika mimi. Nasema mapema ili baadaye mtu asije akamlaumu Bi Alberta Terpstra, mwanamke wa miaka themanini na moja ambaye kosa lake katika jambo hili lilikuwa kupenda watu na kuwa na stempu nyumbani.

Nyumba ya Bethania ilikuwa nyuma ya kanisa, hatua kumi na tano kutoka mlango wa jiko la kanisa hadi mlango wa jiko letu. Zamani alikaa humo mchungaji na watoto wake saba. Sasa zilikaa familia nne zilizoishiwa na pa kwenda, kila familia chumba kimoja, kwa siku tisini na si zaidi. Katika siku hizo kanisa linakulisha, linakusaidia kupata kazi na nyumba ya kupanga, na wewe unafagia ngazi zamu yako ikifika. Sheria kumi na moja zilibandikwa kwenye mlango wa friji. Ya kwanza iliandikwa kwa wino mwekundu: usimwambie mtu yeyote unakaa wapi. Ikijulikana, familia yako inahamishwa siku hiyohiyo.

Sisi tulikuwa chumba cha nne: mama yetu Darla, mdogo wangu Otis mwenye miaka sita, na mimi, Philippa, au Pippa kwao, miaka kumi na tano. Tuliipenda sana sheria ya kwanza, kwa sababu ya Gordon Pell.

Gordon alikuwa mume wa mama, fundi bomba wa mji wa Tillman, mwendo wa saa mbili kwa gari. Hakuwa mtu wa kupiga kelele. Mwaka jana, nikiwa shuleni, aling'oa milango yote ya ndani ya nyumba yetu, hata wa choo, akaipanga gerejini kwa unadhifu. Alisema familia isiyo na siri haihitaji milango. Mwezi wa Novemba alimvunja mama kifundo cha mkono, kisha akampeleka hospitali yeye mwenyewe, akamshikia mkoba, na manesi wakamwambia mama kwamba ana bahati ya mume. Mama alipotoroka alinipitia kwanza mimi kwenye shule ya bweni, katikati ya somo la Kilatini. Kesho yake Gordon alifika pale shuleni amevaa shati safi, na maua ya kumpa mwalimu mkuu mkononi.

Miaka mitatu ya bweni ilikuwa imenifunza mambo mawili: kutandika kitanda, na kuandika upuuzi kwa lugha ya heshima. Niliwahi kutangaza, kwa barua yenye muhuri niliouchonga kwenye kiazi, kifo cha uji wa shule, na wasichana sitini wakaja mezani wamefunga vitambaa vyeusi mkononi. Ustadi wa aina hiyo haukai bure. Pale Bethania uliokota kazi haraka, kwa sababu kila Jumatano kulikuwa na kisanduku cha maombi.

Jumatano jioni nyumba nzima ilikula pamoja na kina mama wa kanisa katika ukumbi wa chini. Chakula kilikuwa kilekile: nyama ya kusaga iliyookwa chini ya viazi, maharage mabichi ya kopo, na jeli ya kijani yenye karoti ndani yake, kitu ambacho sijapata maelezo yake hadi leo. Baada ya jeli, Bi Hendrika Vos, msimamizi wa nyumba, alifungua kisanduku hicho, yaani kopo la biskuti lililotobolewa tundu juu, na kusoma kadi za maombi zilizotumbukizwa humo. Hazikuwa na jina la mwandishi. Kisha akapiga simu kwa wanawake wawili ambao hawakufika, kila mmoja wao akawapigia wawili, na hao wawili wengine, mpaka kina mama arobaini wa wilaya ile wawe wanajua goti la nani linauma. Waliuita mnyororo wa maombi. Hata redio haikuupita kwa kasi.

Kadi yangu ya kwanza iliomba hivi: "Tuikumbuke jeli ya kijani, ambayo imekuwa ikitetemeka tangu Jumapili na hatujui inaogopa nini." Bi Vos aliisoma yote kwa sauti ileile aliyosomea kansa ya Bwana Dykstra. "Amina," akasema. "Philippa, leo vyombo ni vyako."

"Umejuaje ni yeye?" akauliza Renata wa chumba cha pili, mama wa mapacha, aliyekuwa anacheka mpaka anajifuta macho.

"Ndiye pekee humu anayeweka nukta na mkato," alisema Bi Vos.

Basi nikaweka nia: siku moja nitaingiza kadi ambayo haitanaswa. Nafasi ilikuja mwishoni mwa Januari, Bi Vos aliposafiri wiki mbili kwa binti yake aliyejifungua. Bi Terpstra alikaimu kopo. Mama alikuwa kazini, zamu ya jioni ya kufua nguo kwenye makao ya wazee. Majina ya wanaume tuliowakimbia alikuwa nayo Bi Vos peke yake, ndani ya kabati lenye kufuli. Kwa hiyo hapakuwa na mtu ukumbini ambaye angeshtuka.

Niliandika: "Mwombeeni Bwana Gordon Pell, fundi bomba wa Tillman, anayeteswa na bawasiri kali, hawezi kukaa wala kupanda gari, naye ana aibu ya kumwambia daktari."

Nilitaka jambo dogo tu. Nilitaka wanawake arobaini waheshimiwa wafumbe macho na kuyaombea makalio ya Gordon Pell.

Wakaombea. Bi Terpstra aliisoma huku sauti ikimtetemeka kwa huruma. "Maskini kaka huyu. Marehemu Cornelius wangu aliteseka nayo miaka tisa." Wakainamisha vichwa. Renata alinitazama, nikaitazama karoti ndani ya jeli. Usiku ule nililala vizuri kuliko siku zote tangu tufike.

Jumapili, baada ya ibada, Bi Terpstra alinipa kahawa yenye maziwa mengi na kunishika mkono.

"Wewe msichana una mwandiko mzuri," alisema. "Ungenisaidia kuandika kadi zangu za pole. Wiki hii nimetuma saba. Moja kwa yule kaka wa Tillman."

"Kaka yupi?"

"Wa bawasiri. Nimempata kwenye kitabu cha simu, ana tangazo kubwa kabisa. Nikamwandikia, kuna mtu hapa kwetu anakupenda, amekuombea, na sisi sote tumeinama nawe. Nikaona maneno matupu hayatoshi, nikamwekea na ile kadi yenyewe, pamoja na mapishi ya mkate wa pumba unaolainisha tumbo."

Kikombe changu kilikuwa kimejaa. Nilikiweka chini kwa uangalifu. "Na anwani ya kurudishia, Bi Terpstra? Umeweka?"

"Ya nyumba yenu? Hapana, mwanangu, nazijua sheria." Akanipapasa shavu. "Nimebandika stika ya anwani ya kanisa."

Hatua kumi na tano.

Nilipaswa kumwambia mama saa ileile. Lakini siku hiyo mama alikuwa ameketi kitandani na karatasi ya mwenye nyumba mmoja wa karibu na kiwanda cha unga. Vyumba viwili, jiko la umeme, tungeingia mwanzoni mwa Machi. Otis alikuwa ameuliza kama kuna milango, na mama alikuwa amemwambia, ndiyo, mitano, nimeifunga na kuifungua yote. Ningesema, tungehamishwa siku hiyohiyo, mji mwingine, siku tisini zianze upya, na milango mitano ingebaki kwa watu wengine. Zilibaki siku thelathini na moja. Nikajiambia kadi hupotea. Nikajiambia Gordon hutupa barua zisizo na hundi. Bweni halikunifundisha kuomba kwa kweli, lakini nilijaribu.

Jumanne simu ya kanisa ililia mara tatu na hapakuwa na mtu upande wa pili. Renata ndiye aliyepokea, alikuwa zamu ya kusafisha ofisi.

"Anapumua tu," alisema. "Nimemwambia, wewe, kama unataka kupumua, kapumulie mkeo."

"Akasema nini?"

"Akacheka. Kicheko cha adabu. Akakata."

Ijumaa mchungaji alituambia mezani, kwa furaha, kwamba fundi mmoja mkarimu amepiga simu na kujitolea kukagua mabomba ya kanisa bure. Aliulizia mabomba ya majengo yote, hata nyumba ya nyuma, wanakaa watu wangapi, wanaoga saa ngapi, ili ajue ukubwa wa mtambo wa maji moto. Mchungaji hakuwa amemjibu, si kwa tahadhari bali kwa sababu hakujua tunaoga saa ngapi.

Jumatatu Otis alirudi kutoka shuleni na soksi zilizolowa theluji. Nilikuwa namvua viatu.

"Pippa, ile gari nyeupe ina bomba juu, kama ya Gordon."

"Gari ipi?"

"Iliyokuwa nyuma ya basi. Ilisimama basi likisimama. Ilikuwa na adabu sana."

"Umemwona dereva?"

"Alinipungia." Akafikiri. "Mimi sikupunga. Nilikuwa nimevaa glavu."

Nilimwambia asimwambie mama. Naandika sentensi hiyo na sioni njia ya kuipamba.

Jumatano, saa tisa na nusu alasiri, nilikuwa ukumbini natandaza vitambaa vya meza. Mama alikuwa amekwenda kazini. Bi Terpstra aliingia akiwa na theluji kwenye kofia na bahasha mkononi, na uso wake ulikuwa wa msichana aliyeposwa.

"Amejibu!" alisema. "Miaka arobaini natuma kadi, watu wanapona, hakuna anayejibu. Huyu amejibu. Soma, soma kwa sauti, miwani yangu imeganda."

Niliujua mwandiko. Ni wa herufi kubwa, zilizonyooka, kama za kwenye risiti zake. Nikasoma kwa sauti, kwa sababu niliambiwa:

"Kina mama wapendwa, nawashukuru. Sikujua kama huko kuna mtu anayenikumbuka. Bawasiri haijanisumbua kamwe, lakini kuna jambo jingine linaniuma tangu Novemba, na nadhani dawa yake iko kwenu. Nimeona kwenye tangazo lenu kwamba Jumatano mnakula pamoja saa kumi na moja na nusu, na wageni wanakaribishwa. Nitafika. Nitaleta pai."

"Hebu ona," alisema Bi Terpstra. "Pai."

Akarudi kwake kubadili kofia. Saa ya ukutani ilisema saa kumi kasoro dakika ishirini.

Bi Vos alikuwa amerudi kutoka safari mchana ule. Nilimkuta ofisini bado na koti, anafungua barua. Nilisimama mbele ya meza yake na kusema yote bila kupumua: kadi, bawasiri, stika, simu, gari jeupe.

Hakuinua kichwa. "Philippa, nimeendesha gari saa sita kwenye barafu. Mjukuu wangu ana tumbo la gesi. Hii ya leo niachie mpaka kesho."

"Si mzaha."

"Ya jeli ilikuwa nzuri. Ya mazishi ya mashine ya kufulia ilikuwa nzuri. Hii haichekeshi, mpenzi. Jina la mtu halichezewi."

"Najua halichekeshi!" Sauti yangu ilitoka kama ya Otis. Hakuna kitu kibaya kama kusema kweli kwa mdomo uliowazoesha watu mzaha. Nikaweka barua juu ya meza, juu ya mikono yake.

Alisoma. Akainuka, akafungua kufuli ya kabati, akatoa faili letu, akatazama jina, akarudi kwenye barua. Kisha akaketi kwenye kiti kilichokuwa karibu, na kilikuwa kiti cha watoto wa shule ya Jumapili, magoti yakampanda mpaka kidevuni.

"Mama yako anajua?"

"Hapana."

"Otis yuko wapi?"

"Kwenye basi. Anashuka saa kumi na dakika tano."

Kwanza alipiga simu kwa sherifu, mkuu wa polisi wa kaunti. Niliisikia sauti ya upande wa pili: askari aliye karibu yuko kwenye ajali barabara kuu, theluji ni nyingi, atachukua muda wa saa mbili, pengine zaidi. Akakata. Kisha akapiga tena, na niliposikia jina nilifikiri amechanganyikiwa.

"Alberta? Hendrika. Kaa chini. Yule kaka wa Tillman si mgonjwa. Ndiye tunayemficha mama wa chumba cha nne asimwone. Ndiyo. Ndiyo, najua. Utalia baadaye, Alberta. Sasa washa mnyororo. Marietta amchukue mtoto kwenye kituo cha basi, asingoje gari lipate joto. Joanne aende makao ya wazee, mlango wa nyuma, amlete Darla amelala kiti cha nyuma. Wengine wote waje ukumbini na magari yao. Wote. Na chakula, chochote kilichopo."

Nilipanga mizigo ya chumba cha nne kwa dakika kumi na nne. Ilikuwa mifuko miwili na dubu mmoja. Renata alinisaidia bila kuuliza, na alipofunga zipu alisema, "Kwa hiyo ni wewe, mtoto wa shule za wakubwa." Halafu akavua kofia yake ya sufu na kunivalisha, mpaka machoni.

Otis aliletwa kwanza, na keki mkononi. Mama alifika saa kumi na moja kasoro robo, ametoka chini ya blanketi tatu, na harufu ya sabuni ya kufulia. Alikuwa ameshaambiwa. Alisimama kwenye mlango wa jikoni.

"Bawasiri?" alisema.

Nikatikisa kichwa kukubali.

Alicheka. Mara moja tu, kama mtu aliyekohoa. Halafu akashika ukingo wa sinki kwa mkono ule uliovunjika Novemba. "Siku ishirini na moja, Pippa," alisema. "Zilibaki ishirini na moja."

Gari la Bi Vos lilikuwa mbele ya jikoni, injini inawaka. Lakini njia ya kutokea ilikuwa moja, inapita ubavuni mwa uwanja wa maegesho, na tulipoinua pazia tuliona gari jeupe lenye mabomba juu linaingia. Alikuwa amewahi nusu saa. Gordon alikuwa mtu wa kuwahi siku zote.

Aliegesha katikati, akitazama nyumba yetu. Hakushuka. Alizima taa na kukaa. Kiza cha majira ya baridi kilikuwa kinaingia, na ndani ya kioo tuliweza kuona kitu kimoja tu cheupe, sanduku la pai juu ya dashibodi. Otis alijificha chini ya meza bila kuambiwa, akakunja miguu, akaziba mdomo wake kwa mikono yote miwili. Sikuwa nimewahi kumwona akifanya hivyo. Alifanya kama mtu anayefanya kila wiki.

Kisha magari ya kina mama yakaanza kuingia. Yalikuja moja moja, polepole, kama wanavyoendesha siku zote, na kila moja likaegesha vibaya kuliko lililotangulia. La kwanza likaziba nyuma ya gari jeupe, la pili mbele yake. La tatu liliegesha karibu na mlango wake kiasi kwamba aliyeshuka, mama mmoja mnene na bakuli la chakula kilichookwa mikononi, ilibidi agonge kioo aombe radhi. Baada ya muda tulihesabu magari ishirini na sita, na katikati yao lile jeupe limekaa kama jino.

"Kaka Gordon!" Ilikuwa sauti ya Bi Terpstra, nyembamba, imevuka uwanja mzima. "Karibu, karibu! Pita upande wa abiria, mpenzi. Umekuja na pai? Hebu nione. Ya tufaha! Unajisikiaje, unaweza kukaa?"

Gordon alishuka. Alikuwa na shati safi. Aliangalia mara moja kuelekea dirisha letu, bila haraka, kama mtu anayesoma mita ya maji. Mama hakulisogeza pazia. Kisha kina mama wanne wakamshika viwiko na kumteremsha ngazi za ukumbini, na mlango ukafungwa.

"Sasa," alisema Bi Vos.

Tulitoka kwa kupita juu ya nyasi zilizofunikwa theluji, taa zimezimwa, Otis na mimi tumelala sakafuni mwa gari, mama juu yetu. Nilisikia kwa mbali ukumbi wote ukiimba shukrani ya chakula. Waliimba beti zote.

Siuandiki mji tulioko sasa. Ni nyumba ya kanisa jingine, chumba kimoja, siku tisini. Mama hanikaripii. Anaponiona nina kalamu, huacha alichokuwa anafanya na kusubiri niiweke.

Bi Vos alipiga simu wiki iliyofuata kwa namba anayoijua yeye tu. Alisema Gordon alikula sahani mbili. Alisifu jeli. Askari walipofika walimkuta amekunja mikono ya shati, anaosha vyombo na Bi Terpstra, na kwa kuwa hakuna sheria inayokataza kuosha vyombo, walichukua jina lake na kumsindikiza mpaka mpaka wa kaunti. Bi Terpstra hajatuma kadi tena. Ameacha kabisa, stempu zake amempa Renata.

"Kuna jambo jingine," alisema Bi Vos, "na nadhani mama yako lazima alisikie, basi na wewe ulisikie. Kabla ya kwenda jikoni Gordon alitumbukiza kadi kwenye kopo."

Aliisoma kwa sauti yake ile ya Jumatano, isiyopanda wala kushuka.

"Mwombeeni Darla, Philippa na Otis, walio njiani kwenye baridi. Mwambieni msichana nimeupenda mwandiko wake. Nitautambua popote."

Hakusema amina. Alisema kwamba kadi hiyo hakuipitisha kwenye mnyororo, ni ya kwanza katika miaka kumi na tisa, na kwamba ameipeleka kwa sherifu ndani ya mfuko wa plastiki.

Hapa tulipo pia kuna kisanduku. Ni cha mbao, na kadi zake ni za bluu. Jumatano ya kwanza mama mmoja mwema alinisogezea moja na kalamu, akaniuliza kama kuna mtu ningependa aombewe.

Nilimwambia sijui kuandika.